Paa la turubai nililolivisha mara mbili

Paa la zamani nililivua kwa bisibisi, koleo na pupa. Nilianza asubuhi, na kabla ya saa sita mchana kitambaa kizee kilikuwa kimelala sakafuni kama gamba la nyoka, mifupa ya gari iko wazi, nami nimeshika kiuno nikijisifu kwa wepesi wa mikono. Wepesi huo ulinigharimu miezi 7.

Gari lenyewe ni Ford Model T ya mwaka 1924, ile ya wazi ya watu 5. Model T ziliundwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na kwa miaka mingi iliyonunuliwa zaidi ilikuwa hii ya wazi, isiyo na vioo ubavuni wala bati kichwani. Kinachomkinga mtu na mvua ni kitambaa tu, kimetandazwa juu ya pinde za mbao zinazojikunja nyuma ya kiti. Matoleo ya awali yalihitaji watu wawili kulisimamisha paa, mmoja kila upande. Kufikia toleo la 1923 walikuwa wameleta walichokiita paa la mtu mmoja. Jina hilo ni la kweli, ilimradi mtu huyo awe na mikono mirefu na asiwe na haraka ya kukimbia mvua.

Injini nilikuwa nimeshaifanyia kazi, breki pia, rangi nimepiga. Paa niliona ni pambo la mwisho, kazi ya wiki moja. Nimeshashona mapazia, nimeshavisha makochi mawili. Kitambaa kingenishinda vipi?

Kwanza nieleze paa la namna hii limeundwaje, maana hata mimi nililitazama miaka miwili nisilione. Pembeni kuna mikono ya chuma yenye viungo, inayokunjuka na kukunjika. Kwenye mikono hiyo kumechomekwa pinde za mbao zinazovuka gari toka kushoto hadi kulia. Kutoka upinde wa mbele hadi wa nyuma hupita kanda za turubai nene, zimepigiliwa misumari kwenye kila upinde. Juu ya kanda, kwenye mabega ya paa, hukaa pedi mbili ndefu zilizojazwa pamba. Ndipo huja kitambaa: kipande cha nyuma chenye kidirisha, kisha kile kikubwa cha juu, na mwisho utepe wa kufichia misumari. Fikiria mwavuli. Mbavu za mwavuli zingefunguka mpaka zikageuka kama si nguo kuzizuia. Kwenye gari kazi hiyo ya kuzuia ni ya zile kanda. Zenyewe ndizo zinazouambia kila upinde usimame wapi.

Kanda zangu nilizitupa jalalani siku ile ile ya kwanza. Zilikuwa zimechakaa, zinanuka koga, na sikuwa najua kuwa ule ndio ulikuwa ushahidi pekee uliobaki wa umbali kati ya upinde na upinde. Picha nilipiga 3, zote za gari likiwa limependeza kwa mbali. Hakuna hata moja iliyoonyesha msumari, pindo, au jinsi kitambaa kilivyozungushwa pembeni. Leo nikivua kitu chochote napiga picha za vitu vibaya: matundu, mikunjo, gundi iliyochuruzika, upande wa ndani usiotazamwa na mtu.

Kitambaa kizee nilikihifadhi, nikidhani ndiyo busara. Nilikifumua mshono kwa mshono, nikakitandaza juu ya kipya, nikakizungushia alama nikakata. Kumbe kitambaa kilichokaa juani miaka na miaka kimeshaacha kuwa ramani ya paa. Upande uliolala juani umesinyaa, upande wa kivuli umelegea, na pale kilipokuwa kikivutwa na msumari kimerefuka kama shingo ya fulana iliyochoka. Nilichonakili ni uzee wake. Kizee kinaweza kukuonyesha mpangilio: kipande gani kimepanda juu ya kipi, pindo limegeukia wapi, mshono ni wa mstari mmoja au miwili. Vipimo vichukuliwe kwenye mifupa.

Halafu kulikuwa na kalamu. Fundi cherehani yeyote angeniambia nitumie chaki. Mimi nilichora kwa kalamu ya wino, na wino ukapenya upande wa juu, mstari wa buluu juu ya weusi, unaoonekana jua likipiga kwa mshazari. Nikaona nitaufuta kwa petroli. Baada ya dakika chache kitambaa kikatoa lengelenge la ukubwa wa kiganja, na nilipoligusa likabonyea kama tumbo la chura.

Hapo ndipo nilipokwenda kusoma nilichokuwa nakishona. Turubai la magari haya ni tabaka tatu: kitambaa juu, kitambaa chini, na mpira katikati. Mskoti Charles Macintosh aliupatia hataza mtindo huo mwaka 1823, kwa kuyeyusha mpira kwenye nafta na kuubana katikati ya nguo mbili. Makoti yake ya mvua yalinata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi, mpaka ilipopatikana njia ya kuupika mpira pamoja na salfa, ambayo Charles Goodyear aliipatia hataza Marekani mwaka 1844. Paa la gari langu ni mjukuu wa koti hilo. Na kama nafta ndiyo iliyouyeyusha mpira wa Macintosh, petroli yangu ilikuwa inafanya kazi ile ile, ila mahali pasipotakiwa. Tangu siku hiyo turubai naliosha kwa maji, sabuni laini na brashi ya nywele laini, basi.

Mpira huo wa katikati una jambo jingine: tundu la sindano halizibiki. Kwenye pamba tupu ukichoma pini na kuichomoa, nyuzi hurudiana. Hapa tundu linabaki milele, na mvua inalijua lilipo. Mimi nilikuwa nimechoma pini pembeni mwote kama ninayeandaa gauni. Vinavyofaa ni vibanio vya nguo, au gundi ya utepe wenye kunata pande mbili, iwekwe ndani ya pindo ambako haitaonekana. Na ukishona vibaya usifumue ukarudia palepale bila kufikiri; kila unaporudia unaongeza safu ya matundu.

Mishono nayo ilinipa somo lake. Cherehani yangu ya nyumbani iliweza kutoboa tabaka nne, haikuweza kuzisogeza. Meno ya chini yanavuta kitambaa cha chini, cha juu kinabaki nyuma. Nilianza mshono wa urefu wa paa ncha zikiwa sawa, nikamaliza cha juu kimezidi kwa vidole viwili. Mashine inayofaa ni ile ya mafundi wa ngozi na viti, yenye mguu unaotembea, yaani mguu unaoshika kitambaa kwa juu na kukisogeza pamoja na sindano. Niliazima moja. Mara ya kwanza nilishona hatua fupi fupi nikidhani ndiyo imara. Nilipovuta kwa nguvu, kitambaa kilichanika kwenye mstari wa mshono kama stempu inavyobanduliwa kwenye karatasi yake. Hatua ya milimita 4 hivi inatosha. Ikipungua sana unatoboa badala ya kushona.

Na uzi. Uzi wa pamba una uungwana wake: ukilowa unavimba na kuziba tundu lake wenyewe. Lakini jua na unyevu vinaula. Uzi wa poliesta unaishi muda mrefu zaidi, ila hauvimbi, kwa hiyo mshono wake unahitaji kuzibwa. Nilichagua poliesta, na kuziba nikasahau. Nitarudi kwenye hilo.

Siku ya kuvisha paa la kwanza sipendi kuisimulia. Nilisimamisha pinde kwa kukadiria kwa macho, nikapigilia kanda mpya, nikaweka pedi nilizozijaza sponji kwa kuwa sponji lilikuwepo, nikatandaza kitambaa, nikaanzia pembe ya nyuma kulia. Msumari baada ya msumari, wote hadi mwisho, nikisonga kuelekea kushoto. Nilipofika mbele kulikuwa na kunyanzi moja ndefu iliyokatiza paa zima toka pembe hadi pembe. Nikavuta zaidi. Kunyanzi ikawa mbili. Nikavuta tena, na upinde wa mbele ukaondoka kwenye fremu ya kioo: nilikuwa sijaufunga pale, ulikuwa umeegeshwa tu. Kitambaa kikiwa kimeshapigiliwa chote, paa langu jipya lilikuwa fupi kwa vidole vitatu.

Nililishurutisha. Nilimwita jirani, tukavuta wawili, mmoja ananing'inia mmoja anafunga. Paa la mtu mmoja likawa tena la watu wawili.

Siku ya pili mvua ikanyesha usiku, nami asubuhi nikalikunja likiwa bado bichi, kwa kuwa nilitaka kuona linavyokaa likikunjwa. Kitambaa kilinaswa kati ya mikono ya chuma kwenye kiungo, na nilipobonyeza kushusha, chuma kikakata tundu la ukubwa wa ukucha. Sponji la pedi lilikuwa limeshiba maji, nalo halikuyatoa kwa siku nne. Nikilibonyeza begani, maji yanachuruzika hadi kwenye kiti.

Niliyemwita baada ya hapo ni mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kuvisha viti na mapaa tangu ujana wake, aliyeshaacha kazi. Alikuja na kijifuko cha turubai, hakukifungua. Hakuligusa paa. Alienda nyuma ya gari, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akatazama mikono ya chuma ya kushoto na kulia kama mtu anayelenga. Akazunguka mbele akafanya vilevile. Kisha akaniambia:

"Mwanangu, kitambaa hakina kosa. Kimekaa sawasawa na mifupa yake."

Nilidhani ananipa moyo. Akatoa kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, akaishusha kutoka katikati ya upinde wa nyuma. Upinde ulikuwa umeinamia kulia kwa kadiri ya sentimita 2. Akashika upinde wa kati akautikisa. Ulicheza ndani ya soketi yake kama jino la mtoto.

"Vua," akasema.

"Lote, mzee?"

"Na kanda. Na usizitupe safari hii."

Kwa wiki mbili sikugusa kitambaa. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote sasa, na ndiyo niliyoiruka mwanzo. Mbao za pinde zilikuwa ash, mti wa nchi za baridi unaotumiwa pia kwa mipini ya mashoka na makasia kwa sababu unapinda bila kuvunjika. Lakini upinde hupigiliwa misumari kila paa linapobadilishwa, na mbili kati ya pinde zangu zilikuwa zimetobolewa kiasi kwamba mbao imekuwa mkate. Msumari unaingia kwa kidole gumba, na kwa kidole gumba unatoka. Nikaelewa kwa nini kunyanzi hazikuisha: kila nilipovuta kitambaa, misumari ilikuwa ikitambaa pamoja nacho.

Pinde zenye matundu machache nilizitibu kwa vijiti vyembamba vya mbao vilivyochovywa gundi, nikavipigilia ndani ya kila tundu, nikakata, nikapiga msasa. Zile mbili mbovu ilibidi zitengenezwe upya, na hapo nikajifunza kupinda mbao kwa mvuke. Unatengeneza sanduku refu, unaliingizia mvuke, unaweka mbao, unasubiri. Kipimo cha mafundi ni karibu saa moja kwa kila milimita 25 za unene. Ikitoka una sekunde chache za kuizungushia kwenye kalibu na kuibana. Ya kwanza ilipasuka mgongoni. Ya pili ikapasuka palepale. Mzee, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akaniuliza mbao nimeitoa wapi. Nilikuwa nimenunua iliyokaushwa kwa tanuru. Hiyo inapinda kwa shida, akasema. Tafuta iliyokaushwa kwa hewa, yenye nyuzi zinazokwenda moja kwa moja bila kupinda wala fundo.

Tena kuna siri ya bamba. Mbao ikipindwa, upande wa ndani unabanwa na wa nje unavutwa. Kubanwa, mbao ya moto yenye unyevu inavumilia sana, kuvutwa haivumilii. Kwa hiyo unailaza juu ya bamba jembamba la chuma lenye vizuizi kwenye ncha zote mbili, bamba linakuwa mgongoni mwa mbao, na unapopinda linazuia upande wa nje usirefuke. Mvuto wote unageuka kuwa mbano. Ya tatu ilizunguka kama nyoka aliyeshiba. Niliipinda kupita kidogo kiwango nilichotaka, kwa sababu ikipoa na kuachiwa hujirudi, nikaiacha kwenye kalibu wiki nzima.

Kwenye mikono ya chuma tatizo lilikuwa pini za viungo. Zimelika, na ulegevu wa milimita moja kwenye kila kiungo, ukijumlishwa hadi juu kwenye upinde, ndio uliozaa zile sentimita 2. Nikatoa pini kuukuu, nikatia mpya, nikaondoa kutu, nikapaka rangi. Kisha nikakunja na kukunjua mifupa mitupu mara 20. Mahali palipokwaruza palijionyesha. Ukifanya hivyo bila kitambaa, unachopoteza ni rangi tu.

Kuziweka pinde mahali pake kulituchukua siku nzima. Gari juu ya sakafu iliyo sawa. Mzee akapima hata upepo wa matairi, kwa kuwa tairi moja likiwa na upepo pungufu bodi inalala na kamba yako ya timazi inakudanganya. Fremu ya kioo cha mbele ikakazwa kwenye mwinamo wake. Upinde wa mbele ukafungwa pale kwa vifungo vyake vyenyewe, ukakazwa kama gari linavyokwenda barabarani. Tukavuta uzi mmoja katikati ya gari toka mbele hadi nyuma, tukatia alama ya katikati kwenye kila upinde. Tukapima mishazari: kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na kinyume chake, mpaka namba mbili zikalingana. Pinde zikashikiliwa kwa kamba za muda. Halafu mzee akaniambia niende mbali.

"Mbali wapi?"

"Mpaka ulione gari, usizione pinde."

Nikarudi nyuma hatua kama 15. Kwa kipimo kila kitu kilikuwa sawa, lakini kwa jicho upinde wa kati ulikuwa umejikweza, paa limekuwa na kibyongo. Tukaushusha kidogo. Nikarudi tena kutazama. Tulipotosheka ndipo zilipopigiliwa kanda, zikiwa zimenyooka bila kulegea, na kuanzia hapo mifupa ikakataa kusogea. Ukisukuma upinde mmoja, yote inasogea pamoja.

Pedi zilijazwa pamba safari hii, ndani ya mfuko wa turubai jembamba. Kazi yake ni kulainisha bega la paa na kuzuia kitambaa kisisuguane na makali ya mbao. Pamba nayo hulowa, lakini hupitisha hewa, ikakauka.

Kitambaa kipya hakikukatwa kwa kufuata kizee. Tulikitandaza juu ya mifupa kikiwa na ziada ya kiganja kila upande, tukakivuta kwa mikono, tukakibana kwa vibanio, tukachora kwa chaki mistari ya mishono palepale juu ya gari. Kisha kikashuka, kikakatwa, kikashonwa, kikapanda. Kipande cha nyuma kilitangulia kupigiliwa kwenye upinde wa nyuma, cha juu kikaja kukilalia, kama makuti: la juu linamwagia la chini, maji hayapati mlango.

Upigiliaji wenyewe ulikuwa tofauti kabisa na wangu. Msumari wa kwanza katikati nyuma. Wa pili katikati mbele. Kisha unatoka katikati kwenda pembeni, kidogo nyuma, kidogo mbele, kushoto, kulia, na hakuna msumari unaoingia zaidi ya nusu. Nusu tu. Vichwa vyote vimesimama kama nywele za nungunungu. Ukiona kunyanzi inaanza, unaifuata inakoelekeza, unang'oa misumari miwili au mitatu, unavuta kuelekea huko, unarudishia. Kunyanzi ni kidole. Inakuonyesha palipovutwa kupita kiasi au palipolegea. Mimi mara ya kwanza nilikuwa naikandamiza badala ya kuifuata.

Tuliliacha usiku mzima likiwa na misumari ya nusu. Asubuhi jua lilipolipasha likalegea, tukavuta tena kwa upana wa nusu kidole pande zote. Siku iliyofuata halikudai tena. Ndipo misumari ikazamishwa.

Nisisahau mdomo wa mzee. Mafundi wa zamani wa kazi hii huweka misumari mdomoni. Anatia konzi nzima, ulimi unaugeuza mmoja mmoja, kichwa kinatokea midomoni, nyundo yenye sumaku inaudaka, inaupachika, inaugonga. Mkono wa pili hauachi kukaza kitambaa, na hiyo ndiyo faida yake yote. Misumari hiyo iliwahi kuuzwa ikiwa imeondolewa vijidudu kwa sababu kila mtu alijua inakopitia. Nilijaribu. Nilijichoma ulimi mara mbili, wa tatu nikaumeza nusu safari kabla ya kukohoa. Nikarudi kwenye kopo. Mzee alicheka mpaka akalazimika kuitema yake yote kiganjani.

Mwisho ukaja utepe wa kufichia. Upande mmoja unapigiliwa juu ya mstari wa misumari, kisha unakunjwa na kugongwa taratibu kwa nyundo ya mpira mpaka unajifunga wenyewe, na vichwa vya chuma vinapotea. Kazi ya nusu saa, na ndiyo pekee watu wanayoisifia.

Mapazia ya ubavuni niliyaacha karibu kama yalivyo. Vidirisha vyake vilikuwa vya selulodi, ile plastiki ya kwanza iliyopata soko kubwa kuanzia miaka ya 1870, iliyogeuka rangi ya chai na kupasuka kama ganda la yai. Selulodi inashika moto upesi mno, kwa hiyo niliibandua na kuweka plastiki angavu ya siku hizi.

Wiki tatu hatukulikunja. Lilisimama tu, likizoea umbo lake. Nilipolikunja mara ya kwanza lilikuwa kavu kabisa, na kila upinde ulipokutana na mwenzake nilitia mkono nikavuta kitambaa nje ya chuma, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anayeweka nguo kabatini. Tundu lile la ukucha la paa la kwanza nimelikata na kulihifadhi. Limebandikwa juu ya meza yangu ya kazi.

Mvua ya kwanza ya kweli ilitukuta barabarani, mimi nikiendesha, mzee pembeni. Paa lilinguruma kama ngoma iliyowambwa vizuri. Maji yalishuka nyuma, yakapita juu ya kipande cha nyuma bila kuingia. Nikaanza kumwambia, unaona, mzee, na kabla sijamaliza tone moja likaniangukia gotini. Likafuata la pili, palepale. Nikainua macho. Lilikuwa linatoka kwenye mshono wa kushoto, mahali nilipofumua hatua sita na kuzishona upya usiku mmoja nikiwa nimechoka, nikidhani hakuna atakayejua.

Mzee hakusema neno. Alitia mkono kwenye kijifuko chake, akatoa bonge la nta ya nyuki lililochakaa, akaniwekea juu ya usukani.

Tuliposimama na kitambaa kilipokauka, nilisugua nta kwenye mshono wote toka mbele hadi nyuma, nikaipasha kwa kiganja mpaka ikazama kwenye matundu. Tone halijarudi. Bonge bado ninalo garini, na mzee hajaniuliza nitalirudisha lini.